MaDJ wenzangu wa Uganda: wimbo ulivuja kutoka kwenye laptopu yangu, nimekuja kuungama

Sahani Mbili (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku.

Mimi ni DJ, tena wa kawaida. Katikati ya wiki niko kwenye baa moja Kabalagala, Jumamosi ni harusi na kwanjula, yaani kumtambulisha mchumba kwa wazazi, na mara mojamoja lumbe, zile sherehe za kumaliza msiba wa mzee (msicheke, ukoo unalipa kwa wakati kuliko promota). Nimezaliwa Busia upande wa Uganda, ndiyo maana mnaniona humu na Kiswahili changu cha mpakani. Miaka yote nasoma tu bila kuandika. Leo nimeandika kwa sababu kila uzi wa wizi wa nyimbo unaishia kwa vijana wa flashi wa Kampala mjini, wale wenye meza za kujazia watu nyimbo kwenye flashi, kana kwamba nyimbo huota mezani kwao kama uyoga baada ya mvua.

Nyimbo zinatoka kwetu. Najua kwa sababu mmoja ulitoka kwangu.

Mwaka juzi prodyuza mmoja, simtaji, alitupa maDJ wanane wimbo ambao ulikuwa haujatoka. Sharti lilikuwa fupi: uchezeni klabu wiki tatu watu wauzoee, ila usitoke kwenye mashine yako. Kila mtu alitumiwa faili lake kwa imeili, peke yake. Nikaona ni adabu tu ya mtu aliyesoma.

Siku ya tisa nimepanda boda pale Nsambya. Jamaa kafunga kispika kwa mpira wa tairi chini ya usukani, na kinachopigwa ni wimbo huohuo. Nilifurahi! Nikadhani umeshatoka rasmi, hata nikamwambia, "Huo niliupata kabla yako." Hatujafika Kibuye simu ikalia. Prodyuza. "Njoo studio." Salamu hakuna.

Alinikalisha, akanivisha hedifoni, akacheza ule uliovuja. Juu yake tayari kulikuwa na jingo la DJ mwingine anajitaja jina, mwanzoni na katikati. Akasema, "Ubeti wa pili, kabla ya kiitikio. Hesabu makofi." Nikahesabu, matatu. Akacheza wimbo wenyewe kutoka kwenye kompyuta yake. Manne. Akarudia uliovuja. Matatu. "Kofi la nne nililitoa kwenye faili moja tu. Mwenzako nilimtolea kayamba, mwingine nikampunguzia kinanda upande wa kushoto. Lisilo na kofi ni lako."

Yule wa jingo alibadilisha jina la faili, akapachika sauti yake, pengine akaamini kashaufua wimbo ukatakata. Kofi lililokosekana likabaki limekosekana.

Nikaapa sijampa mtu. Nilipokuwa njiani kurudi ndipo nikakumbuka. Alhamisi, saa tisa usiku, tunabadilishana zamu. Anayenipokea kaja na diski yake ya nje, kaizungushia selotepu ya bluu. "Kaka, nigawie mpya, Jumamosi nina kazi Entebbe." Nikaburuta folda lote la MPYA, GB 11, huku mkono mwingine uko kwenye miksa nikiunganisha wimbo wangu wa mwisho na wake wa kwanza. Dakika kama sita hivi. Sikutazama ndani mna nini. Ndivyo tunavyofanya kila usiku. Asiyegawa anaitwa mchoyo, na siku laptopu yake ikifa hapati mtu wa kumwokoa. Mimi mwenyewe nyimbo zangu nyingi zimetoka kwenye diski za watu.

Kwa hiyo yule jamaa hakuiba. Nilimpa.

Miezi 14 sikutumiwa wimbo mpya hata mmoja. Mwishowe nikarudi studio na kreti ya soda na mjomba wangu, tukakaa, tukaongea, yakaisha.

Sasa hoja. Wale wa "mkuu fupisha" mniwie radhi.

Tego la kofi ni kazi ya mikono. Kampuni kubwa za muziki za nje zina namna yake ya mashine: faili unalotumiwa limefichwa namba yako ndani ya sauti yenyewe, chini ya zile sauti kubwa ambazo sikio linahangaika nazo, kwa hiyo husikii kitu. Ukiligeuza MP3, ukilikata, kwa kawaida namba inabaki. Wimbo ukivuja wanaisoma, na aliyetumiwa anajulikana. Wengi wetu tunachanganya hiyo na maandishi yaliyoko kwenye faili, yaani jina la msanii, albamu, ile picha. Maandishi hayo mtoto wa darasa la tatu anayafuta. Iliyomo kwenye sauti ni ngumu kuitoa bila kuuchafua wimbo.

Halafu kuna Shazam na ndugu zake. Shazam ilianza Uingereza mwaka 2002, ulikuwa unapiga 2580 na kuielekeza simu kwenye spika. Haisikilizi maneno. Inaokota vilele vya sauti, zile nukta kali kuliko jirani zake, inaangalia zimepangana vipi, inalinganisha na ghala lake. Ndiyo maana inaweza hata baa yenye makelele. Lakini ukiuongezea wimbo mwendo kwa asilimia 6 au 8, kama tunavyofanya saa saba usiku watu wakishachangamka, mpangilio unahama na mashine nyingi zinapotea. Na wimbo usiokuwemo ghalani hautatambulika hata ukiupiga kwenye chumba kisicho na nzi. Za kwetu za Arua, Gulu na Kasese zilizorekodiwa chumbani, ngapi zimefika huko ghalani?

Kinachonikera hasa ni cha tatu. Programu tunazotumia zinaandika. Serato ina History. Rekordbox ina History. VirtualDJ ina folda lake, na kila usiku una orodha yake. Wimbo wowote niliocheza tangu ninunue hii laptopu umeandikwa. Mwaka 2014 Pioneer walileta KUVO, mtambo wa kutuma majina ya nyimbo kutoka kwenye kibanda cha DJ hadi mtandaoni, na moja ya sababu ilikuwa vyama vya mirabaha vijue klabu kimechezwa nini. Uholanzi wapo DJ Monitor, wao mashine inasikiliza klabu na matamasha na kutoa orodha. Sisi orodha tunazo, bure, zinaoza kwenye laptopu.

Na hata nikiitoa, ina nini? Nimefungua ya wiki iliyopita. "Track 01." "Mpya kabisa FINAL 2." "AUD-20240518-WA0031." Kila anayepokea nyimbo kwa WhatsApp anaijua hiyo AUD: tarehe, namba, basi. Huo WA0031 naupiga karibu kila wiki. Watu wa kaskazini wakiusikia wanaacha chupa mezani, wanakuja mbele. Nani kaimba? Sijui.

Baa ikikata leseni ya muziki inalipa kwa jumla, leseni haitaji wimbo. Hela hiyo itamfikiaje aliyeimba WA0031, kama mimi niliyeupiga sijui nimempiga nani? Mwenye jina kubwa hata bila orodha atakumbukwa.

Nawasilisha. Mawe yaanze.

---

Siti ya Mbele

Nimekaa. Karanga ninazo.

---

Mchoma CD Mstaafu

Mleta uzi umeungama vizuri, ila umetupita haraka sisi wa meza. Nilikuwa na laibrari (ndivyo watu wanavyoita duka la filamu na nyimbo Kampala) karibu na teksi paki ya zamani. Nilianza na kaseti, deki moja yenye milango miwili, unarekodi huku unasikiliza kwa sababu haikuwa na njia nyingine. Kaseti ya dakika 60 inakula dakika zako 60. Ikaja CD, mnara wa kuchoma saba kwa mpigo. Flashi ikaua yote hayo.

Niwaambie kitu ambacho maDJ hamkioni kutoka kule juu kwenye jukwaa. Mteja wa flashi haji kuomba msanii. Anakuja wa boda, kofia iko kwenye kiwiko, anatoa kadi yake ya memori na kusema, "Nitilie za elfu mbili." Za nini? "Kidandali, na za Kikongo kidogo, na za kanisa za mama." Hajataja jina la mtu. Mimi ninayo mafolda: BODA, SALUNI, ZA KULIA, HARUSI. Naburuta. Kwa ubora wa 128 (kilobiti kwa sekunde) wimbo wa dakika nne ni kama MB 4, flashi ya GB 16 inabeba nyimbo kama 4,000. Hakuna binadamu anayesikiliza nyimbo 4,000. Anachonunua ni kelele ya mwezi mzima.

Na BODA nilikuwa naijaza na nini? Nonstopu zenu. Miksi ya saa moja ya DJ fulani, nyimbo 30 zimeunganishwa, hakuna jina la msanii hata moja, jina la DJ limetajwa mara 15. Nilikuwa nanunua kwa DJ mwenyewe, taslimu, Jumatatu asubuhi, macho yake bado mekundu. Kwa hiyo unaposema nyimbo zinatoka kwenu nakubali, ila usiseme zilikuwa zinavuja tu. Nyingine zilikuwa zinauzwa.

Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilipokatwa kama siku tano, mezani kwangu palikuwa na foleni. Wale wa YouTube wote walikuja kwa aibu. Nikawahudumia.

---

Asha wa Bombo

Mchoma CD umesema nililokuwa nalo rohoni. Mdogo wangu anaimba. Mimi ndiye meneja, dereva, na mpishi wake. Niwaeleze upande wetu, maana humu wanaume mnajadili mashine tu.

Wimbo mmoja tumeulipia studio, tumelipia video, kisha nikatoka na flashi 20 kuzunguka kwa maDJ. Ndiyo, MIMI nimewapelekea. Na wengine wakataka "hela ya mafuta" ndipo waucheze. Nikatoa. Wiki mbili baadaye naukuta wimbo wetu WhatsApp, na sekunde ya nane, pale mdogo wangu anapoingia na sauti yake ya kwanza kabisa, sauti aliyoirudia mara kumi na moja studio mpaka nikalala kwenye kochi, mwanamume anapiga kelele jina lake na namba yake ya simu ya kukodiwa.

Namba ya simu! Kwenye wimbo wetu!

Sahani Mbili, umezungumzia kofi lililotolewa. Zungumzia basi jingo lililowekwa. Kofi lililotolewa halikumdhuru msikilizaji. Jingo limebaki, na toleo ambalo kijiji kizima cha baba yetu wanalo ni hilo la jingo. Shangazi yangu anamwimba na DJ, anadhani ni sehemu ya wimbo.

---

Sahani Mbili

Dada Asha, maneno yako nayapokea kama kofi la nne.

Nitajibu kweli. Jingo tunaweka kwa sababu ya kuibiana sisi kwa sisi. Natengeneza miksi usiku kucha, mwenzangu anaichukua na kusema ni yake. Jingo ni muhuri wangu. Hapo nilikuwa naona sawa, mpaka uliposema sekunde ya nane. Kwenye miksi ya saa moja kazi ya kuunganisha ni yangu, najitaja. Kwenye wimbo mmoja mzima ambao sikupiga hata ngoma, sina cha kupigia muhuri. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo. Ninazo nyimbo kama 40 zenye sauti yangu, na matoleo safi sina tena, nilipachika juu ya faili lilelile.

Hela ya mafuta... nimewahi kupokea. Sitasema zaidi ya hapo.

---

Wakili wa Kijiweni

Mimi si wakili, nimekaa tu sana karibu nao. Mambo matatu haraka.

Moja, sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inamlinda mtunzi maisha yake na miaka 50 baada ya kufa. Kuipiga kazi ya mtu hadharani ni haki moja, kuinakili ni haki nyingine. Baa yenye leseni ya UPRS, chama kinachokusanya mirabaha ya muziki Uganda, imelipia kuupiga wimbo pale ukumbini. Leseni hiyo haikupi wewe DJ ruhusa ya kunakili folda la GB 11 kwenye diski yenye selotepu. Na msanii aliyekupa wimbo uucheze hajakupa uugawe. Dada Asha alipeleka flashi 20, hakuruhusu ya 21.

Mbili, adhabu iliyowekwa na sheria hiyo ya 2006 ilifika faini ya pointi 100 za sarafu, na pointi moja ni shilingi 20,000. Pigeni hesabu: milioni mbili. Au kifungo kisichozidi miaka 4, au vyote viwili.

Tatu, fikirieni mwanamuziki wetu Philly Lutaaya. Amefariki Desemba 1989, baada ya kusimama mbele ya nchi nzima na kusema ana virusi vya UKIMWI wakati watu maarufu walikuwa wanaficha. Kila mwaka ikifika Desemba, kuanzia supamaketi mpaka kituo cha mafuta, ni nyimbo zake za Krismasi. Miaka 50 kutoka 1989 ni 2039. Kwa hiyo Krismasi hii, ijayo, na nyingine kadhaa, kila anayeunganisha spika anatumia mali yenye mwenyewe. Nani kati yenu maDJ ameandika mahali kwamba tarehe 24 aliucheza mara sita?

---

Bando Limeisha

Mnaongea kama watu wenye WiFi. Julai 2018 tuliwekewa shilingi 200 kwa siku kuingia mitandao ya kijamii. Julai 2021 ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya bando. Spotify ilikuja kwetu Februari 2021, sawa, karibu sana, lakini mimi nauza chapati Namuwongo. Bando langu ni la kuongea na wateja na la mtoto kusoma. Flashi ya elfu mbili inanichukua mwezi. Mkitaka nimlipe msanii, mwekeni msanii kwenye ile meza ya flashi. Mia tano ya kijana, mia tano ya msanii, nitalipa. Huko mtandaoni hamtanipata.

---

Mtu wa Kisumu

Bando Limeisha ameongea kama mbunge. Huku kwetu wasanii wanategemea miito ya simu, ile Skiza, mtu anakupigia anasikia wimbo badala ya mlio. Kinachowaumiza ni fungu linalobaki baada ya kila mtu kumega. Nimepita tu, endeleeni.

---

Fundi Mitambo

Sahani Mbili, nikusaidie kwenye lile ghala lako la Track 01.

Kila rekodi inaweza kupewa namba yake, inaitwa ISRC, herufi na tarakimu 12. Mbili za mwanzo ni za nchi, UG ni yetu, halafu tatu za mwenye kuitoa, mbili za mwaka, tano za wimbo wenyewe. Msanii akipitia kampuni ya usambazaji ya nje mara nyingi anapewa namba yenye herufi za huko, usishangae wimbo wa Mbale kuanza na US. Haidhuru, namba ni namba, ni kama chasisi ya gari. Prodyuza anaweza kuiandika ndani ya MP3, ipo sehemu yake maalumu. Tatizo ni kwamba ukiutoa wimbo YouTube kwa zile tovuti za kugeuza, unapata sauti tupu, chasisi imebaki kule.

Na nyinyi wa "nina 320 safi": fungueni faili kwa Spek, ni programu ya bure, inachora sauti. Kama rangi zimekatwa sawasawa kama kwa rula pale kwenye kilohezi 16, hiyo ni 128 iliyovalishwa koti. Nimepima diski ya rafiki yangu mmoja anayejisifu, karibu kila wimbo wa Kiganda umekatwa pale. Ndiyo maana spika kubwa zikipiga nyimbo zetu baada ya wimbo wa nje zinaonekana zina mafua. Watu wanailaumu studio. Studio haina kosa, wimbo umegeuzwa mara tatu kabla haujakufikia.

---

Selotepu Nyeusi

Mimi nitapinga. DJ pia ni mtu. Nalipwa laki moja na nusu usiku mzima, nimebeba spika mwenyewe, na mnataka nirudi nyumbani niandike ripoti ya nani kaimba? Mniwekee na mshahara wa karani. Na hii habari ya kufuatiliana kwa makofi na namba za siri, leo ni prodyuza, kesho ni mtu wa kodi anataka History yangu aone nimefanya kazi siku ngapi. Mimi VirtualDJ yangu naipangusa kila Jumatatu.

---

Sahani Mbili

Selotepu Nyeusi, natumaini jina lako halina undugu na ile ya bluu.

Ya kodi umenishika, sikuifikiria. Na karani sitaki uwe. Ila ona: orodha imeshaandikwa na mashine, kazi iliyobaki ni kuliwekea faili jina mara moja tu, siku linapoingia. Nimeanza wiki tatu zilizopita. Wimbo ukija, kabla sijaupiga, naandika msanii, aliyenipa, tarehe. Ikinishinda kumjua, unaingia kwenye folda nililoliita YATIMA. Siku ya kwanza yatima walikuwa 2,316. Leo ni 2,207. Mke wangu anaziita watoto wangu wa nje.

Na gharama yenyewe nimeiona: kugawa nimeacha. Mwenzangu akiomba mpya namtajia jina la wimbo, akautafute kwa mwenyewe. Nimeshaitwa mchoyo mara nne, na mmoja hanisalimii tena.

---

Mchoma CD Mstaafu

2,207! Tupia basi hiyo History ya usiku mmoja tuione. Humu kuna watu wa kila wilaya, huenda tukawatambua.

---

Sahani Mbili

Haya. Jumamosi iliyopita, harusi, Mukono. Yatima tu, niliokwisha kuwawekea jina nimewaruka:

19:52 – Track 01
20:40 – Mpya kabisa FINAL 2
21:15 – kwaya nzuri sana usifute
22:07 – AUD-20240518-WA0031
22:48 – AUD-20240518-WA0031 (bibi harusi aliomba urudiwe)

---

Wakili wa Kijiweni

"Kwaya nzuri sana usifute" hahaha. Huyo aliyeiita hivyo aliipenda kuliko sisi sote.

---

Mtoto wa Nebbi

Samahani, mimi huwa siandiki. Hiyo WA0031, inaanzaje?

---

Sahani Mbili

Inaanza na adungu, nyuzi chache tu, halafu ya pili inaingia chini yake, nzito. Kisha mwanamke. Sauti ya mtu mzima kidogo. Ngoma hakuna mpaka dakika ya pili. Kialur nadhani, mimi sikijui. Kwa nini?

---

Mtoto wa Nebbi

Kabla ya mwanamke kuingia, kuna jogoo?

---

Sahani Mbili

Subiri.

Nimevaa hedifoni. Sekunde ya 19. Mbali, upande wa kulia. Miezi yote hii nadhani ni nyuzi.

---

Mtoto wa Nebbi

Huyo jogoo ni wetu. Alirekodiwa nyumba ya pili kutoka kwetu, dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Anayeimba ni jirani, mama wa watoto watano, adungu anapiga kaka yake na mpwa wao. Walirekodi kwa simu na kipaza sauti kimoja cha kukopa kanisani, wakautuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Hawajauweka popote. Hana habari kama unachezwa Mukono kwenye harusi za watu.

Jogoo tulishamla Krismasi.

Nikupe namba yake?

---

Sahani Mbili

Hapana, isije humu hadharani. Muulize kwanza kama anataka, kisha nitumie PM. Na muulize wimbo unaitwaje, niandike.